Mama, Usidharau Mchezo wa Mwanao
Sisi akina mama wa Suguti tukimkuta mtoto kwenye kibanda cha gemu, twashika fimbo. Lakini tumtazame Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza miaka mitatu, akamnunulia kompyuta ya dola 300. Kijana alitembea saa tatu kwenda kuichaji. Akatengeneza mchezo uitwao Salaam, ambamo mkimbizi hukimbia vita akihitaji maji, chakula na dawa. Mwaka 2018 alisimama mkutanoni San Francisco, mbele ya watengenezaji wenzake, akasimulia safari yake. Mama msomaji, kabla ya fimbo, keti na mwanao umwulize: “Wapenda kucheza tu, au wataka kutengeneza?”