Mtu wa kumi: kufikiri kunatufikisha wapi?

Hebu jaribu jambo moja kabla ya kuendelea. Kaa nusu dakika bila kuwaza chochote. Umeshindwa, siyo? Usijali, karibu kila mtu hushindwa. Sasa jiulize swali gumu zaidi: ni nani aliyekuwa anayaona mawazo yakija?

Swali hilo liko katikati ya Advaita, falsafa ya kiroho kutoka India. Neno ni la Kisanskriti na maana yake ni "si mbili". Mwalimu wake mashuhuri, Shankara, aliyeishi takriban karne ya 8, alifundisha kwamba yule anayefahamu ndani yako na uhalisia wa mwisho wa ulimwengu si vitu viwili. Wengi wakisikia hivyo hudhani kinachofuata ni kuacha kufikiri. Sivyo.

Kazi ya fikra

Walimu wa Advaita hupenda mfano huu. Watu kumi wanavuka mto. Wakifika ng'ambo wanahesabu kama wote wapo. Kila anayehesabu anapata tisa, maana anajisahau mwenyewe. Wanaanza kumlilia mwenzao "aliyezama". Mpita njia anamwambia mmoja wao: "Wa kumi ni wewe." Kilio kinaisha.

Angalia kilichotokea. Hakuna aliyeopolewa mtoni. Kilichoondolewa ni kosa tu, na limeondolewa kwa hesabu na maneno, yaani kwa kufikiri. Ndiyo maana mafunzo ya Advaita yana hatua tatu: kusikiliza mafundisho, kuyapima kwa hoja mpaka mashaka yaishe, kisha kuyazamia mpaka yakukae. Hatua ya pili ni kazi ya akili, na mwanafunzi haruhusiwi kuiruka.

Mpaka wake

Tatizo ni kwamba akili huhesabu kila inachokiona, ila anayehesabu haonekani kwenye hesabu. Ukisema "nimeelewa, mimi ni ufahamu", hilo nalo ni wazo, na bado yupo anayeliona. Ramana Maharshi (1879–1950), aliyeishi Tiruvannamalai kusini mwa India, aliwafundisha watu kujiuliza "Mimi ni nani?" Alilifananisha swali hilo na kijiti cha kuchochea moto wa kuchomea maiti: kinasaidia kuunguza vingine vyote, mwishowe nacho kinaungua.

Sayansi inaongeza nini?

Mwaka 2010, Killingsworth na Gilbert walichapisha katika jarida la Science utafiti wa watu wazima 2,250 walioulizwa kwa simu, nyakati tofauti za siku, wanafanya nini na wanawaza nini. Katika asilimia 46.9 ya majibu, akili ilikuwa mbali na kazi iliyopo, na nyakati hizo watu walikuwa na furaha pungufu. Mwaka 2011, Judson Brewer na wenzake walipima ubongo wa wazoefu wa meditesheni. Sehemu zinazohusishwa na akili kuzurura na mtu kujiwazia zilikuwa zimetulia kuliko za wasio na uzoefu.

Lakini twende polepole. Vipimo hivi vinaweza kutusaidia kueleza kwa nini mtu *anahisi* mpaka kati yake na dunia umefifia. Havithibitishi kwamba mpaka huo haupo. Hilo linabaki swali la falsafa.

Kwa nini ujali?

Kwa sababu siku hizi hukosi mtu wa kukuambia, "Acha maswali, akili yako ndiyo adui." Pengine ni mkweli. Pengine anataka pesa zako, au anataka uache dawa ulizoandikiwa na daktari. Utamtofautishaje bila kufikiri? Mpita njia wa kweli hakuwaambia wale kumi wafumbe macho. Aliwaambia wahesabu tena, na safari hii wasijisahau.