Mbegu za bei rahisi, mche wa bei ghali

Pakiti ndogo ya mbegu za mboga haimfilisi mtu. Ni nyepesi, haiozi, na nyanya iliyochapwa juu yake haijawahi kuguswa na kantangaze wala mnyauko. Ndiyo maana mtu huingia duka la pembejeo kununua mchicha, akatoka na mchicha, spinachi, karoti, tango, tikiti, na brokoli ambayo nyumbani kwake hakuna anayeila. Zote zinaishia kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Masika ikikaribia anarudi dukani, kwa sababu zile za mwaka jana hana imani nazo tena.

Tabia hii haina nchi. Machi 2020, corona ilipowafungia watu majumbani, kampuni ya mbegu ya Burpee ya Marekani iliuza mbegu nyingi kuliko wakati mwingine wowote katika miaka yake 144. Hofu ya kukosa, picha nzuri na bei isiyouma vinatosha kumfanya mtu anunue mbegu nyingi kuliko udongo alionao. Makala haya hayamkatazi mtu kupenda mbegu. Yanalinganisha njia ambazo mwenye bustani ya nyumbani hupatia miche yake, na kuonyesha kila moja inamgharimu kiasi gani hesabu ikifungwa. Bei zilizotumika ni za mfano tu. Mahali pake weka za duka lako.

Kipimo ni mche, si gramu

Muuzaji huandika uzito, na mnunuzi hulinganisha uzito. Lakini gramu ya zao moja si sawa na gramu ya zao jingine. Gramu moja ya nyanya ina mbegu kama 300. Ya karoti hukaribia 800, ya mchicha hupita 1,000, na ya bamia haizidi 20. Kwa hiyo gramu 10 za bamia ni za bustani ya nyuma ya nyumba, lakini gramu 10 za nyanya ni za shamba: mbegu 3,000, zikiota 70 katika kila 100, zinatoa miche 2,100. Ukiipanda kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 50, utahitaji zaidi ya mita za mraba 600. Mpangaji wa Tabata mwenye viroba kumi na viwili barazani anahitaji mbegu ishirini tu, akizidisha kidogo kwa ajili ya zitakazogoma kuota.

Kipimo cha haki basi ni hiki: chukua fedha yote uliyolipa, igawe kwa idadi ya miche iliyoshika. Mbegu zilizobaki kwenye pakiti si akiba mpaka siku zitakapoota. Zikifia kabatini, bei yake inabebwa na ile michache iliyofika kwenye udongo.

Kopo au pakiti

Tuanze na kitunguu, kwa kuwa ndicho kinachowaumiza wengi. Tuseme pakiti ya gramu 5 ni shilingi 2,000, na kopo la gramu 50 ni shilingi 12,000. Kwa gramu, pakiti ni shilingi 400 na kopo ni 240. Mbele ya kaunta kopo linaonekana limeshinda.

Sasa angalia matumizi. Gramu 5 zina mbegu zaidi ya 1,200, zinazotosha matuta ya familia kwa msimu mmoja. Ukilima misimu miwili kwa mwaka utatumia gramu 10. Mbegu ya kitunguu ni miongoni mwa zinazokufa mapema kuliko zote: hata ikitunzwa vizuri, uotaji wake hushuka sana baada ya mwaka mmoja, na katika joto la Pwani kopo likishafunguliwa huo mwaka wenyewe ni wa bahati. Kwa hiyo kati ya gramu 50, unatumia 10 na 40 zinakufa. Shilingi 12,000 kwa gramu 10 ni shilingi 1,200 kwa gramu, mara tatu ya bei ya pakiti.

Kwa nyanya, kabeji, sukuma wiki, chainizi na jamii ya matango hesabu inalegea, maana mbegu hizo zikiwekwa pakavu na penye baridi huweza kukaa miaka minne au zaidi. Hapo mfungasho wa kati unaweza kulipa. Kopo kubwa bado ni la mkulima wa biashara.

Ukinunua pakiti, soma nyuma kabla ya mbele. Tafuta namba ya fungu, asilimia ya uotaji, na tarehe ya kupimwa uotaji, ambayo ina maana kuliko tarehe ya kufungashwa. Tanzania, tafuta lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, yenye makao yake Morogoro. Kenya, mbegu zenye stika ya kukwangua ya KEPHIS unaweza kuzihakiki kwa kutuma namba iliyofichwa kwenda 1393. Mbegu za kupimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye nailoni sokoni huwa rahisi zaidi, lakini hazina umri, hazina jina la uhakika, na zikigoma hakuna wa kumdai.

Chotara, mbegu za kawaida, au miche

Chukua familia inayotaka miche 20 ya nyanya. Ina njia tatu.

Ya kwanza ni pakiti ya mbegu za kawaida, kama Cal J, au Tanya na Tengeru 97 zilizotoka kwenye utafiti wa Tengeru, Arusha. Ikiwa pakiti ni shilingi 2,000, kila mche umegharimu shilingi 100.

Ya pili ni chotara, ile yenye alama ya F1. Tuseme pakiti ya mbegu 200 ni shilingi 8,000. Kwa mbegu moja ni shilingi 40, bei inayoonekana ndogo, lakini kwa miche 20 uliyoihitaji ni shilingi 400 kila mmoja. Mbegu zaidi ya 170 zinabaki.

Ya tatu ni kununua miche ya chotara kitaluni. Ikiwa mmoja ni shilingi 200, umelipa 4,000, na umeokoa trei, mboji na wiki nne au zaidi za kumwagilia na kufukuza kuku. Kwa anayehitaji miche michache ya zao ghali, kitalu kinaishinda pakiti ya chotara kwa nusu ya bei, na hakuna kinachorudi kabatini.

Hesabu hiyo inageuka kwa mtu mmoja tu: anayejua kutunza. Akitumia pakiti ileile ya chotara kwa misimu mitatu, miche 60 kwa shilingi 8,000, kila mche unashuka hadi shilingi 133 hivi. Tofauti kati ya 400 na 133 haiko dukani. Iko kwenye chupa anayohifadhia.

Kitalu nacho kina mitego. Mwombe mwenye kitalu akuonyeshe pakiti iliyotumika, kwa maana mche wa chotara na wa kawaida hutaitofautisha kwa macho. Kataa miche iliyorefuka ikalegea, au iliyokwisha kutoa maua kwenye trei. Zaidi ya yote, mche unakuja na udongo, na udongo unaweza kuleta mnyauko bakteria ambao bustani yako haikuwa nao.

Je, chotara inastahili bei yake? Kama nyanya zako hunyauka kila msimu, aina iliyoandikwa kwamba inastahimili ugonjwa huo inajilipa. Kama bustani haina tatizo hilo na unachotaka ni nyanya za mchuzi, mbegu za kawaida zinatosha.

Za kujitunzia

Mbegu inayotoka shambani kwako haina bei ya dukani, lakini si kila zao linakubali. Bamia, kunde na maharage ni rahisi: acha maganda machache yakaukie shinani. Mchicha ukiachwa uchanue hutoa mbegu za kutosha mtaa mzima. Nyanya za kawaida hujichavusha zenyewe. Kamua mbegu kutoka kwenye tunda lililoiva vizuri la mmea usio na ugonjwa, ziache na majimaji yake siku mbili au tatu zichachuke, zioshe, kisha zikaushe kivulini kwenye sahani. Ukizianika kwenye karatasi zitagandia.

Usihangaike na mbegu za chotara. Kizazi cha pili huachana: mmoja unafanana na mama, mwingine na bibi, na sifa uliyoilipia inapotea. Maboga na matango ya aina tofauti yakiwa karibu, nyuki huyachanganya. Kabeji na karoti huhitaji baridi ya kutosha ndipo zitoe maua, kwa hiyo Dar es Salaam, Mombasa au Tanga utangoja bure.

Kuna pia mazao yasiyohitaji mbegu kila msimu. Sukuma wiki hutoa machipukizi ubavuni, yakikatwa na kuchomekwa hushika. Matembele hupandwa kwa vipande vya mashina. Anayenunua pakiti ya sukuma wiki kila masika, hali jirani anayo iliyokomaa, analipia kitu ambacho angepewa kwa kuomba.

Gharama ya kutunza

Adui wa mbegu ni unyevu na joto, na vikikutana huua kwa haraka. Mtaalamu wa mbegu James Harrington wa California aliweka kanuni inayotumika hadi leo: kila unyevu wa mbegu unapopungua kwa asilimia moja, umri wake hukaribia kuongezeka maradufu, na kila joto linaposhuka kwa nyuzi 5 za Selsiasi, vivyo hivyo. Kutoka chumba chenye nyuzi 30 hadi friji yenye nyuzi 5 ni hatua tano, na maradufu mara tano ni mara 32. Ni makadirio, lakini yanaeleza kwa nini pakiti iliyodumu Njombe hufa Kigamboni.

Huhitaji kununua kifaa. Chupa ya glasi yenye mfuniko unaobana, na vifuko vidogo vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya au mikoba. Kama huna, kaanga mchele mkavu bila mafuta, uache upoe, uuweke chini ya chupa na pakiti juu yake. Kisha weka chupa friji, mbali na mlango. Ukiitoa, iache ipate joto la chumba kabla ya kuifungua, la sivyo umande utaingia ndani. Pakiti ya karatasi iliyotupwa friji bila chupa hainufaiki; inakunywa unyevu wa mboga. Mfuko wa foili hulinda mpaka ukatwe. Baada ya hapo ni mfuko tu.

Pima ulizonazo kabla ya kununua

Kipimo cha uotaji hakigharimu kitu. Chukua mbegu 10, zipange juu ya karatasi laini yenye unyevu, kunja, tia ndani ya mfuko wa plastiki, weka kivulini. Mchicha utaonyesha ndani ya siku tano, nyanya ndani ya siku kumi, pilipili hoho inaweza kuchukua wiki mbili. Zikiota nane au zaidi, usinunue nyingine. Zikiota tano, panda maradufu. Zikiota chini ya tatu, tupa. Lakini mbegu zilizopakwa rangi, ziwe nyekundu, kijani au buluu, zina dawa: usimwagie kuku, na usizitie kwenye chakula.

Zao kwa zao

- Kitunguu: pakiti ndogo kabisa, mpya, kila msimu.
- Bamia, kunde, mchicha: nunua mara moja, kisha jitunzie.
- Nyanya ya kawaida: pakiti moja kwa misimu mitatu, au za kujitunzia.
- Nyanya na pilipili hoho za chotara: miche, kama unahitaji chini ya 30.
- Kabeji: miche kwa wachache, pakiti kwa anayehifadhi vizuri.
- Karoti: pakiti ndogo, kwa kuwa haipendi kuhamishwa na kitalu hakisaidii.
- Sukuma wiki na matembele: omba machipukizi na mashina.
- Giligilani: punje nzima za duka la viungo mara nyingi huota, pima kumi kwanza.
- Brokoli na nyingine za kujaribu: zihesabu kama burudani, si chakula, na moja kwa msimu inatosha.

Orodha ya ununuzi ianzie kwenye matuta. Pima nafasi, andika zao na idadi ya miche, toa ulizonazo zilizofaulu kipimo, ndipo uende dukani. Zao lisilo na tuta lisiingie kwenye orodha.

Na lile kopo la vitunguu lililoshindwa na pakiti lina njia moja ya kushinda. Majirani watano wakilinunua pamoja, kila mmoja analipa shilingi 2,400 na kupata gramu 10, haja yake ya mwaka mzima. Pakiti mbili zingemgharimu 4,000. Sharti ni mgawane siku kopo linapofunguliwa, kila fungu liandikwe aina, namba na tarehe ya kopo, na lililo la msimu wa pili liingie kwenye chupa kavu jioni hiyohiyo. Kama hamwezi kufikia watano, nunueni pakiti.