Kompyuta Inapogoma: Kosa ni la Chombo au la Kiendeshi?

Kompyuta yoyote, iwe kubwa au ndogo, ni muungano wa vitu viwili visivyofanana: vyombo vinavyoshikika kwa mkono, na maagizo yasiyoshikika. Vyombo ni kama vile ubao mkuu, vibao vya kumbukumbu, diski, kadi ya mtandao na feni. Maagizo ndiyo tunayoyaita programu. Kompyuta inapogoma, mtumiaji huona jambo moja tu, nalo ni kwamba kazi haifanyiki. Haoni kama chombo kimekufa au kama maagizo yamekosekana. Katika makala haya tutaeleza namna ya kuutambua upande wenye kosa katika kompyuta zinazotumia mfumo wa Linux, tukizingatia hali ya shule za sekondari za Dodoma, Singida na uwanda wa kati kwa jumla.

Umuhimu wa jambo hili

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida kwa mfumo wa Windows 10. Mfumo uliofuata, Windows 11, haukubali rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi. Kompyuta za namna hiyo ndizo aghalabu zinazofika shuleni kwa njia ya msaada au kwa kununuliwa zikiwa zimetumika. Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi mjini Helsinki, haina ada ya leseni na huweza kuzifufua mashine hizo. Lakini faida hiyo hupotea endapo kompyuta nzima itatupwa stoo kwa sababu ya kasoro ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu angeweza kuigundua kwa nusu saa.

Nchi yetu imekwisha kupata funzo katika suala hili. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, marufuku ambayo baadaye iliondolewa. Miongoni mwa mambo yaliyoonekana wakati huo ni kwamba mashine isiyo na wataalamu wake wenyeji huwa mzigo badala ya kuwa msaada. Hali ni hiyo hiyo kwa shule iliyo mbali na mafundi: kuitambua kasoro ni nusu ya matengenezo.

Kiendeshi ni nini?

Kiini cha Linux hakijui kwa asili namna ya kuongea na kila kadi ya mtandao au kila printa iliyoko duniani. Kwa kila aina ya chombo kuna sehemu ya programu inayotafsiri maagizo ya kiini yawe ishara ambazo chombo hicho kinazielewa. Sehemu hiyo huitwa kiendeshi. Zaidi ya nusu ya maandishi yote ya kiini cha Linux ni viendeshi.

Mfano wa maji utatusaidia. Mji wa Dodoma hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka visima virefu vya Makutupora. Bomba la nyumbani lisipotoa maji, haifai kukimbilia kusema kwamba kisima kimekauka. Huenda pampu imezimika, au bomba limepasuka njiani, au koki imefungwa. Mwenye busara hukagua hatua kwa hatua tangu kisimani hadi kwenye koki. Katika kompyuta chombo ni kama kisima, kiendeshi ni kama pampu, na programu ya mtumiaji ni kama koki.

Hatua ya kwanza: umeme, vumbi na joto

Kabla ya kuilaumu programu, hapana budi kuchunguza hali ya mazingira. Uwanda wa kati una majira marefu ya ukame, ambapo upepo hupeperusha vumbi laini. Vumbi hilo huingia katika feni na kuziba mapezi ya chuma yanayopoza kichakato kikuu. Tena Dodoma iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya kumi. Feni ile ile, ikizunguka kwa kasi ile ile, huondoa joto pungufu kidogo.

Kompyuta inayozimika ghafla baada ya dakika chache za kazi nzito, kisha ikawaka vizuri ikipoa, yaelekea ina tatizo la joto wala si la kiendeshi. Amri ya sensors, baada ya kuweka programu ya lm-sensors, huonyesha joto kwa nyuzi za Sentigredi. Kichakato kikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi, na kikizidi kiwango chake huzima mashine ili kujiokoa.

Dawa yake ni kusafisha. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, gusa sehemu ya chuma ya kasha ili kuondoa umeme tuli ulio mwilini, kisha pulizia vumbi litoke nje ya chumba. Shikilia mapanga ya feni yasizunguke wakati wa kupulizia, kwa maana feni inayozungushwa kwa nguvu yaweza kuharibika. Umeme tuli ni adui mkubwa wakati wa kiangazi, kwani hewa kavu huuacha ujikusanye mwilini bila mtu kuhisi.

Hatua ya pili: je, chombo kinaonekana?

Hapa ndipo Linux inapomsaidia mchunguzi. Kila kadi iliyounganishwa kwa njia ya PCI hubeba ndani yake namba mbili: ya kwanza ni ya kampuni iliyoitengeneza, ya pili ni ya aina ya kadi. Namba 8086 ni ya Intel, 10ec ni ya Realtek, na 14e4 ni ya Broadcom. Kiini huzisoma namba hizi wakati wa kuwaka, hata kama hakuna kiendeshi chochote cha kadi hiyo.

Andika amri ifuatayo:

lspci -nnk

Kila chombo kitaorodheshwa pamoja na namba zake. Chini yake, ikiwa kiendeshi kimekwisha kushika kazi, utaona mstari unaoanza na maneno Kernel driver in use. Kwa vyombo vya USB tumia lsusb. Matokeo huangukia katika mafungu matatu.

(a) Chombo hakimo kabisa katika orodha. Kiini hakikuona namba zake, kwa hiyo kiendeshi hakihusiki bado. Chunguza kama kadi imekaa sawasawa katika nafasi yake, kama vituo vyake vya shaba vina uchafu, au kama imezimwa katika mipangilio ya BIOS. Hayo yote yakiwa sawa, chombo chenyewe kinashukiwa.

(b) Chombo kimo, lakini mstari wa kiendeshi haupo. Chombo kina uhai wa kutosha kujitambulisha. Kinachokosekana ni kiendeshi. Zile namba mbili ndizo za kutafutia kiendeshi kinachofaa. Jina lililobandikwa juu ya kasha lisikudanganye, kwani kadi mbili zenye jina moja la biashara huweza kuwa na vipande tofauti ndani.

(c) Chombo kimo na kiendeshi kipo, lakini kazi haifanyiki. Hili ndilo fungu gumu kuliko yote, nalo latupeleka katika hatua ya tatu.

Hatua ya tatu: kuisoma shajara ya kiini

Tangu kompyuta inapowaka, kiini huandika yote yanayotukia. Shajara hiyo husomwa kwa amri ya sudo dmesg. Mwanafunzi asitishwe na wingi wa mistari. Atafute jina la kiendeshi chake, kisha asome yaliyoandikwa baada yake.

Ikiwa shajara inataja neno firmware pamoja na neno failed, maana yake ni kwamba chombo kinahitaji faili la maagizo yake ya ndani, ambalo kiendeshi hulipakia kila mara kompyuta inapowaka, na faili hilo halikupatikana. Jambo hili ni la kawaida kwa kadi za mtandao usiotumia waya, na hasa za Broadcom. Chombo ni kizima, kiendeshi ni kizima, ila faili halipo. Tangu toleo la 12 lililotoka mwaka 2023, mfumo wa Debian huweka mafaili mengi ya namna hiyo katika nakala yake ya kusimikia. Pasipokuwa na mtandao, faili laweza kuletwa kwa fleshi kutoka kompyuta nyingine, au simu ikaunganishwa kwa waya wa USB ili itoe mtandao kwa muda.

Ikiwa shajara haina lawama yoyote, andika rfkill list. Amri hii huonyesha kama redio ya mtandao imefungwa kwa swichi au kwa programu. Kompyuta ndogo za mkononi huwa na kitufe ambacho mtu huweza kukibonyeza bila kujua.

Ikiwa shajara inarudia maneno I/O error pamoja na jina la diski, tumia sudo smartctl -a kisha jina la diski hiyo, mathalani /dev/sda. Soma vipimo viwili. Reallocated_Sector_Ct ikiongezeka siku hata siku, diski inakufa: okoa mafaili kwanza. Lakini UDMA_CRC_Error_Count ikiongezeka peke yake, aghalabu kosa ni la waya unaounganisha diski na ubao mkuu. Waya ukibadilishwa, diski iliyokuwa ikitupwa huendelea na kazi.

Hatua ya nne: jaribio la kubadilishana

Wanafunzi wa fizikia na kemia wanaijua kanuni hii: badili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Yapo majaribio mawili yanayofuata kanuni hiyo.

La kwanza ni kuacha vyombo vile vile na kubadili programu. Washa kompyuta kwa Linux iliyo katika fleshi, bila kugusa diski. Kadi ya mtandao ikifanya kazi hapo, kosa limo katika programu zilizo kwenye diski. La pili ni kuacha programu ile ile na kubadili chombo: hamishia kibao cha kumbukumbu katika kompyuta nyingine inayofanana. Kosa likihama pamoja na kibao, mhalifu amepatikana.

Mfano wa kosa linalojificha

Kompyuta ya zamani imeunganishwa na mtandao. Kadi inaonekana, kiendeshi kipo, shajara ni safi. Hata hivyo kila ukurasa salama wa intaneti unakataa kufunguka, na mfumo unakataa kupokea programu mpya. Wengi wangesimika mfumo upya, na tatizo lisiondoke.

Tuandike amri ya date. Saa inaonyesha mwaka uliopita zamani. Sababu ni betri ndogo ya mviringo iliyo juu ya ubao mkuu, aina ya CR2032, ambayo huilinda saa umeme unapozimwa. Ikiwa mpya huwa na volti 3 au zaidi kidogo. Ikishuka sana, saa hurudi nyuma kila kompyuta inapochomolewa. Vyeti vya usalama vya intaneti vina tarehe ya kuanza na ya kukoma. Kompyuta inayodhani kwamba iko katika mwaka wa nyuma huviona vyeti hivyo kuwa havijaanza kutumika, na huvikataa. Basi kosa lililoonekana kuwa la mtandao lilikuwa la betri, na multimita ya maabara ya fizikia ingalitosha kulithibitisha.

Zoezi kwa wanafunzi

Kila shule yafaa iwe na daftari la kompyuta zake. Kwa kila mashine yaandikwe matokeo ya lspci -nnk wakati ingali nzima, joto la kichakato asubuhi na alasiri, na volti ya betri ya saa. Kompyuta itakapogoma, linganisha hali mpya na ile iliyoandikwa. Kisha, kabla ya kugusa bisibisi, andika dhana yako na jaribio litakaloweza kuonyesha kwamba dhana hiyo si kweli. Pale stoo ya shule ilipo na mashine zilizohukumiwa kuwa mbovu, waalimu na waanze nazo: zikaguliwe upya moja moja kwa hatua hizi nne, na sababu ya kila moja iandikwe daftarini.