Saa Mbili ni Saa Ngapi? Lugha Alamishi na Ubadilishanaji wa Data

Lugha alamishi kama XML, iliyoidhinishwa na shirika la W3C Februari 1998, huambatanisha kila kipengee cha data na lebo inayokitaja, ili programu zisizojuana ziweze kusomana. Ndiyo maana hudhaniwa kwamba faili iliyo sahihi kimuundo imekwisha eleweka. Makala haya yanaipinga dhana hiyo.

Tuchukulie kituo cha afya mjini Kigoma kinachopeleka taarifa za mgonjwa Bujumbura. Mhudumu anaandika kwamba dawa ilitolewa saa mbili asubuhi. Programu inahifadhi <saa>2</saa>. Lebo imefunguliwa na kufungwa ipasavyo, na skima inayotaka namba nzima kati ya 0 na 23 haina la kulalamikia. Hata hivyo, mfumo unaopokea utasoma saa nane usiku. Kosa la saa sita limevuka mpaka bila onyo, na dozi inayofuata itapangwa kwa hesabu hiyo.

Skima za XML zina aina ya data iitwayo dateTime, ambapo taarifa hiyo ingeandikwa 2024-03-05T08:00:00+03:00, na Bujumbura, iliyo nyuma kwa saa moja, ingekokotoa 07:00. Kwa bahati mbaya, aina hiyo hailazimishi kutaja ukanda wa saa. Inayolazimisha ni dateTimeStamp, iliyokuja na toleo la 1.1 mwaka 2012. Hiyo ndiyo inayostahili kutajwa katika makubaliano ya nchi na nchi. Ama kugeuza saa mbili kuwa 08:00, hakuna skima itakayotufanyia: kazi hiyo ni ya fomu, mhudumu angali mbele yake.