Malale na Narkolepsia: Usingizi Uliopoteza Wakati

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika hufanya kazi usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na kunapopambazuka hurejea Kigoma na Ujiji kulala. Usingizi wao wa mchana ni fidia ya kukesha, nao hauna ajabu. Lakini wako watu ambao hupanda kitandani mapema na bado mchana hulemewa na usingizi wasioweza kuuzuia. Hao mara nyingi huitwa wavivu, au husemwa kuwa wamerogwa.

Mkoani Kigoma, ugonjwa wa usingizi unaofahamika zaidi ni malale. Husababishwa na vimelea viitwavyo tripanosoma, ambavyo huenezwa na mbung'o. Mwanzoni mwa karne ya 20 utawala wa Kijerumani uliweka kambi za wagonjwa kandokando ya ziwa. Dawa yao ilikuwa atoksili, yenye arseniki, ambayo iliwapofusha baadhi yao. Katika miaka ya 1930, chini ya Waingereza, watu wengi wa Buha walihamishwa na kukusanywa katika makazi mapya ili kuwaepusha na mbung'o wa miombo.

Kwanza vimelea hukaa katika damu, na mgonjwa hupata homa na maumivu ya kichwa na viungo. Baadaye hupenya hadi kwenye ubongo. Wengi hudhani kwamba hapo mgonjwa hulala kupita kiasi. Vipimo vya mawimbi ya ubongo vimeonyesha vingine: jumla ya usingizi wake katika saa 24 haizidi sana ile ya mtu mzima wa afya. Kilichovurugika ni mpangilio wake. Mchana husinzia, usiku hukesha. Tena usingizi wa ndoto, ambao kwa kawaida hufika baada ya kiasi cha saa moja na nusu, kwake huweza kuja mara anapofumba macho.

Dalili hii ya mwisho huonekana pia katika narkolepsia, ugonjwa usio na kimelea wala maambukizo, uliopewa jina na daktari Mfaransa Gélineau mwaka 1880. Mwaka 1998 wanasayansi waligundua oreksini, kemikali ya ubongo inayotuweka macho. Mwaka 2000 ilibainika kwamba wagonjwa wengi wa narkolepsia wamepoteza chembehai zinazoitengeneza. Mara nyingi ugonjwa huanza katika umri wa kwenda shule. Mwanafunzi husinzia katikati ya somo. Akicheka sana, huenda magoti yakalegea akaanguka huku ana fahamu zake. Akiamka usiku, hushindwa kujitikisa, na watu husema amekabwa na jinamizi.

Hapana budi kuyatofautisha magonjwa haya mawili. Malale ya aina inayopatikana Kigoma yasipotibiwa huua katika muda wa miezi. Kwa hiyo mwindaji au mrina asali mwenye homa isiyokoma apimwe damu mapema, na ikibidi maji ya uti wa mgongo. Tangu mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani limependekeza vidonge vya feksinidazoli kwa aina hiyo pia, badala ya melasoproli, dawa ya arseniki iliyowaua baadhi ya wagonjwa iliyokusudiwa kuwaponya.

Narkolepsia haiui kwa yenyewe, wala haina tiba ya kuimaliza; lakini dawa na usingizi mfupi uliopangwa mchana humwezesha mgonjwa kusoma na kufanya kazi. Asiendeshe gari wala kupiga kasia peke yake hadi daktari amshauri. Naye mwalimu anayemwona mwanafunzi akisinzia kila siku amwulize kwanza habari za usiku wake na homa, kisha ampeleke hospitali. Fimbo haiwezi kurudisha oreksini, wala kuua tripanosoma.