Mjibu Malenga kwa Vina Vyake

Mwezi uliopita binti mmoja, mwanafunzi wa chuo cha ualimu, alituma shairi lake la kwanza katika kundi la WhatsApp la wapenzi wa ushairi ambalo mimi pia ni mwanachama. Zilikuwa beti tano za tarbia. Hodi aliipiga kama ipasavyo. Akawaamkia malenga, akaomba radhi kwa uchanga wake, kisha akaingia katika mada, nayo ilikuwa ukame na punda wa nyanyake. Dakika moja haikupita, jibu la kwanza likafika: "Guni." Neno hilo tu, pasi na salamu. La pili likamshauri arudi shuleni. La tatu halikuwa neno bali vile vikaragosi vya manjano vinavyolia kwa kucheka, vinane kwa safu. Kufikia magharibi binti alikuwa amejitoa kundini, na shughuli zetu zikaendelea kana kwamba hakuwahi kubisha.

Sasa, msomaji, nisije nikaeleweka vibaya. Aliyesema "guni" hakusema uongo. Katika ubeti wa tatu binti alilihesabu neno "nchi" kuwa mizani moja ilhali ni mbili, kwa maana ile "n" ya mwanzo husimama peke yake. Basi utao wa mshororo ule ukawa na mizani tisa badala ya nane. Ni kosa ambalo kila mmoja wetu amewahi kulifanya kwa "nchi", kwa "mtu" au kwa "nne". Lau mhakiki yule angekuwa mwongo tungemkemea tukamaliza. Tatizo ni kwamba alisema kweli, na kweli yake ikamfukuza mtu.

Wako watakaosema kwamba hivyo ndivyo ulivyo ulingo wa ushairi tangu jadi: asiyeweza moto ajitenge na jiko. Watakutajia Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, na ulimi wake uliochoma kama pilipili. Nami nakubali. Muyaka hakuwa mpole. Enzi ya Mazrui, Mombasa na Lamu zilipokuwa mahasimu, washairi wa miji hiyo miwili walirushiana beti, Muyaka kwa upande wa Mvita na Zahidi Mngumi kwa upande wa Lamu. Huo haukuwa mchezo wa watoto. Uhasama huo ndio uliofikia vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19, na damu ikamwagika mchangani.

Lakini hebu tutazame malumbano yale yalivyofanya kazi. Shairi la Mombasa lilipofika Lamu, aliyetaka kulijibu hakuweza kusema tu kwamba ni baya. Jibu lililotarajiwa ni shairi. Na ustadi uliosifiwa zaidi ni wa yule aliyemfuata mpinzani katika bahari yake, akayachukua mafumbo yake na kuyageuza ncha. Ili ufanye hivyo ni sharti kwanza uwe umelishika shairi la adui, ubeti kwa ubeti, pengine kulihifadhi kifuani kuliko alivyolihifadhi mtunzi mwenyewe. Unamchukia, ndiyo, lakini umemsikiliza mpaka mizani ya mwisho. Tungo za Muyaka hazikuchapishwa katika uhai wake. Zilikusanywa mwishoni mwa karne ya 19 na Mwalimu Sikujua bin Abdallah kwa ushirikiano na Mwingereza W. E. Taylor; William Hichens akazitoa kitabuni mwaka 1940, na Profesa Mohamed Abdulaziz akazitafiti upya katika kitabu chake cha 1979. Miaka yote hiyo ya katikati, vifua vya watu vilikuwa vimezitunza, na mashambulizi yalitunzwa sawa na mapenzi.

Desturi hiyo haikufia pwani. Jarida la Mambo Leo lilipoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, liliwapa wasomaji nafasi ya kutunga, na punde watu ambao hawajawahi kuonana wakawa wanajibizana kutoka miji iliyo mbali kwa siku kadhaa za garimoshi. Sheikh Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, tayari palikuwa na jamii nzima ya watu wa namna hiyo: makarani, walimu, mashehe, askari, wote wakitunga kwa mapenzi tu, bila malipo. Kurasa za mashairi za magazeti yetu ya Kenya zilirithi mila ile ile. Aliyelelewa na kurasa hizo anazijua adabu zake bila kufundishwa. Unamwamkia mhariri na kumwomba nafasi. Unamtaja kwa heshima yule unayemjibu, hata kama ubeti unaofuata utamvua kilemba. Jina lako au lakabu yako unalitia katika ubeti wa mwisho, ili anayetaka kukujibu ajue ni nani na anakaa wapi.

Nadhani tumekuwa tukizidharau adabu hizi kwa kuzidhani ni mapambo. Mimi naziona ni kazi. Ubeti mmoja wa tarbia wenye mishororo ya mizani kumi na sita una mizani 64. Beti tano ni 320. Anayetaka kumjibu mwenzake kwa shairi la kadiri hiyo hana budi kukaa kitako, na katika kukaa huko hasira hupata muda wa kupoa, au angalau wa kunolewa ikawa hoja. Neno "guni" lina mizani mbili.

Nayajua haya kwa sababu niliwahi kuwa yule mtu wa mizani mbili. Mwaka 1996 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya bara, mwingi wa sarufi na mchache wa subira. Gazeti moja lilichapisha shairi la fundi cherehani wa Mombasa, lenye vina vya kati vya "ni" na vya mwisho vya "to". Mambo yalikwenda vizuri hadi ubeti wa pili, ambapo kati ya "mto", "wito" na "uzito" nililikuta neno "macho" limekaa mwishoni mwa mshororo wa tatu kama mgeni asiyealikwa. Nilifurahi. Nataka kukiri kwamba nilifurahi. Ni furaha wanayoijua wahakiki wote, ingawa huiita majina mengine. Nikaandika barua fupi kwa mhariri, kwa nathari, nikieleza kwamba mtu asiyeweza kutofautisha "cho" na "to" afadhali ashikilie sindano yake. Barua ikachapishwa. Walimu wenzangu wakacheka, nami nikaikata na kuihifadhi. Jina la fundi yule sikuliona tena katika ukurasa wa mashairi, na kwa kweli sikulitafuta.

Mwaka 2011 nilialikwa harusi Mombasa. Mwenyeji wangu akanipeleka Kibokoni kuniagizia kanzu, na tulipofika kwa fundi, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, nikatambulishwa kwa jina langu kamili. Mzee akaiacha cherehani.

"Wewe ndiwe mwalimu wa macho?" akaniuliza.

Sikumwelewa mara moja. Akaingia ndani, akarejea na daftari kuukuu la kurasa za mraba, akalifungua pasi na kupekua, nikajua kwamba ukurasa ule umefunguliwa mara nyingi. Shairi lilikuwepo, kwa hati nzuri ya wino wa buluu. Mwishoni mwa mshororo ule wa tatu palikuwa pameandikwa "mato".

"Niliandika mato, mwanangu," akasema. "Huko kwenye chapa wakaona mzee huyu Kiswahili chamshinda, wakanisahihisha."

"Mato" ndiyo macho, kwa Kimvita na kwa Kiamu. Ni neno ambalo watunzi wa pwani wamelitumia tangu enzi na enzi, na mshairi anayo ruhusa ya kutumia lahaja yake. Nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu ruhusa hiyo katika orodha ya uhuru wa mshairi. Ulikuwa mkutano uliofanyika hapo hapo Mombasa mwaka 1928 uliokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na haukusema kwamba Wamvita wasiwe tena na mato. Nilimwomba mzee radhi. Akaagiza kahawa na haluwa, akanipima kanzu, na bei yake hakuizidisha hata shilingi moja, jambo ambalo lilinitia haya zaidi. Nilipokuwa nikitoka nikamuuliza kwa nini hakunijibu wakati ule, maana haki ilikuwa yake.

"Ulikuja kwa barua," akasema. "Ungalikuja kwa shairi, ningalikujibu."

Nimekuwa nikiyatafakari maneno hayo kwa miaka mingi sasa. Mwanzoni niliyachukua kuwa maringo ya mzee wa mji. Baadaye nikaona kwamba yalikuwa maelezo ya kitaalamu kabisa. Lau ningaliketi siku ile nimjibu fundi kwa vina vyake, ningalihitaji maneno yanayoishia "to" yanitoshe beti nne au tano. Ningalianza na moto na mtoto, nikaenda kwenye pato, kito, kokoto. Na kabla sijafika mbali, mtu yeyote aliyewahi kusoma tungo za Mombasa angalilikuta "mato" likimngoja. Hapo ningalisimama. Ningalijiuliza kama huyu naye hakulikuta neno hili hili, na kosa ni la nani. Kanuni ya kumjibu mtu kwa bahari yake ingaliniongoza hadi mezani pake, nikaliona shairi jinsi yeye alivyoliona. Barua haikunidai safari hiyo.

Kuna pingamizi moja ambalo silipuuzi. Tangu Euphrase Kezilahabi atoe diwani ya Kichomi mwaka 1974, wapo washairi wasiofunga vina kabisa, nao tutawajibuje kwa vina vyao? Hili lilizua ugomvi mkubwa Afrika Mashariki nzima, wengine wakidai hayo si mashairi, wengine wakiwaita wapinzani wao watumwa wa ukale. Kwa maoni yangu ugomvi huo uliuma kuliko inavyostahili kwa sababu sehemu kubwa yake iliendeshwa kwa makala na hotuba; ni wachache waliojitwika kazi ya kutunga walau shairi moja kwa mtindo wa wale waliowapinga, ili waone uzito wake. Mimi nimejaribu. Shairi huru ni gumu, na nililotunga lilikuwa baya, lakini tangu siku hiyo sijasema kwamba watungao hivyo ni wavivu. Kanuni basi yaweza kwenda hata pasipo na vina: ingia kwanza katika chombo cha mwenzako.

Wa pili watasema kwamba kwa adabu hizi tunaua uhakiki, na kila guni litapita likipigiwa makofi. Hofu hiyo si ya bure. Nimeyaona pia makundi ambamo kila beti, iwe nzima au kilema, hupokewa kwa "hongera malenga" na picha ya waridi. Huko nako hakuna anayesoma. Anayenisifu bila kuhesabu mizani yangu amenidharau sawasawa na aliyenicheka. Abdilatif Abdalla, katika Sauti ya Dhiki, mashairi aliyoyatunga akiwa kifungoni kati ya 1969 na 1972, ana ugomvi wa Ali na Badi juu ya mnazi. Hawabembelezani hata kidogo, ila kila mmoja hupewa zamu yake akasikika. Mtu aliyefungwa kwa sababu ya maneno yake alimpa nafasi ya kusema hata yule ambaye pengine hakumpenda. Sisi tulio na simu mkononi na uhuru wa kusema tutakalo, tumemnyima mwanafunzi wa ualimu siku moja.

Jumamosi nilimpigia simu msimamizi wa kundi letu. Nilimpendekezea kwamba anayetaka kulikosoa shairi la mwanachama mpya alikosoe kwa ubeti, hata mmoja, wa vina vile vile. Asiyeweza amwandikie kando. Alicheka, akasema nusu ya wanachama watanyamaza. Nikamwambia na wanyamaze. Ameahidi kulifikisha jambo hili kwa wenzake, ingawa sauti yake haikunipa matumaini makubwa.

Fundi wa Kibokoni alifariki dunia miaka sita iliyopita. Mpwa wake aliniambia kwamba daftari zilikuwa tatu, na kwamba baada ya 1996 mzee aliendelea kutunga, ila kwa harusi na hitima za mtaani, ambako hapakuwa na chapa ya kumsahihisha. Tunajaribu kuzinakili, neno kwa neno, na mato yake yote yatabaki mato.

Ama binti wa punda, nambari yake niliipata kwa rafiki aliyemleta kundini, naye ameniruhusu kumjibu. Vina vyake ni "ka" na "mba". Nimefika ubeti wa tatu, ule wenye "nchi", nami nimekwama hapo kwa siku mbili, kwani nimegundua kwamba wazo alilotaka kulitia katika mizani zile nane halitoshi humo kwa urahisi hata kwangu mimi.