Nyumba ya wageni, benki na mvua za masika

Kumkirimu mgeni ni jambo lililotukuzwa katika dini yetu tangu zama za Nabii Ibrahim (a.s.), ambaye Qur'an inatusimulia namna alivyowaandalia ndama wa kuchoma wageni asiowajua. Zama zetu ukarimu umekuwa pia ni chumo. Chumo hilo linahitaji mtaji, na mtaji mara nyingi umelala benki. Basi leo tuizungumze benki na mwenye nyumba ya wageni, na hasa jambo moja ambalo watu hawa wawili aghalabu hawalisemi pale wanapotia saini: mvua za masika zitalipwa na nani?

Tuchukue Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Majumba yake yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimeshikwa na boriti za mikoko. Familia kadhaa zimeyageuza majumba ya wazee wao kuwa nyumba za wageni. Ni rizki nzuri, ila majumba hayo hayana subira. Maji yakipenya darini, chokaa hulainika na boriti huoza kimyakimya. Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo mashuhuri kuliko yote mjini humo, iliporomoka. Ikiwa jumba la kifalme limefikwa na hayo, nyumba ya vyumba kumi iliyo kichochoroni itakuwaje?

Ukarabati wa namna hiyo haufanywi kwa akiba ya kidogo kidogo. Paa likifunguliwa halina budi kufungwa. Tena chumba lazima kiwe na kitanda, maji na umeme kabla ya mgeni wa kwanza kulipa hata shilingi moja. Gharama hutangulia na pato hufuata nyuma. Hapa ndipo msaada wa benki unapokuwa na maana, kwani biashara njema huweza kufa ikiwa katikati ya gharama na pato.

Lakini pato lenyewe lina majira. Suratu Quraysh inawataja wafanyabiashara wa Makka na misafara yao miwili, wa kusi na wa kaskazi kama tungesema sisi watu wa pwani. Utalii wa Unguja nao una misafara yake: wageni huja kwa wingi kuanzia Juni hadi Septemba, kisha Desemba hadi Februari. Ikifika masika, Aprili na Mei, vyumba huwa vitupu. Benki inayodai kiasi kilekile kila mwisho wa mwezi inamfanya mwenye nyumba kana kwamba ni mwalimu anayepokea mshahara. Matokeo yake mtu huenda kukopa kwa jirani ili ailipe benki, na deni huzaa deni.

Alhamdulillah, Waislamu wanaoikimbia riba leo wana pa kubisha hodi. Kenya ilipata benki zake za kwanza za Kiislamu mwaka 2008. Tanzania ilipata Amana Bank mwaka 2011, na mwaka huohuo Benki ya Watu wa Zanzibar ikafungua huduma zake za Kiislamu. Mkataba unaotumika zaidi katika benki za aina hii ni murabaha: benki hununua bidhaa, kisha humuuzia mteja kwa faida inayojulikana, naye hulipa kwa awamu. Kwa magodoro, pampu ya maji au viyoyozi ni njia safi na nyepesi. Bei haipandi mteja akichelewa, na faini ya kuchelewa, ikiwepo, huelekezwa kwenye sadaka wala haiwi pato la benki.

Hata hivyo, murabaha haibadilishi kalenda. Awamu zake mara nyingi hupangwa sawasawa, mvua inyeshe isinyeshe. Mufti Taqi Usmani wa Pakistan, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa fani hii, ameeleza kwamba murabaha kwa asili yake ni biashara ya kuuza, na kwamba yaliyo bora ni kushirikiana katika faida na hasara. Naye Mtume (s.a.w.) kabla ya utume alisafiri kwenda Sham na mali ya Bi Khadija (r.a.), kazi yake na mtaji wake bibi yule.

Ushirika huo ungekuwaje kwa nyumba ya wageni? Tutoe mfano wa kubuni. Biashara yote ina thamani ya shilingi milioni 200. Familia ina hisa za milioni 80, na benki inatia milioni 120 za ukarabati. Faida hugawanywa kwa kiwango walichokubaliana, na katika miezi ya neema familia hununua hisa za benki kidogo kidogo mpaka biashara yote iwe yao. Mei pasipo na faida, benki nayo haipati kitu. Ndivyo mshirika anavyokuwa.

Kwa nini basi benki hukwepa njia hii? Tuseme kweli: lawama si yao peke yao. Mshirika hugawana faida inayoonekana, na wenye nyumba wengi hawana daftari. Dola za mgeni huingia mfukoni, zinanunua samaki wa nyumbani na karo ya mtoto, na mwisho wa mwaka hapana ajuaye nyumba ilichuma nini. Nasi ndio tuliopewa aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 katika Suratul Baqarah, inayohusu kuandikiana madeni! Isitoshe, nyumba nyingine ni wakfu, haziuzwi wala haziwekwi rehani. Na nyingine ni mirathi ambayo haijagawanywa, warithi kumi na wawili wakiwa Unguja, Muscat na London. Afisa wa benki hawezi kuingia ushirika na ugomvi.

Mwaka 2020 uliwapima wote. Machi ndege za watalii zilisimama, na masika ya mwaka ule yalianza mapema. Mwezi Mei Benki Kuu ya Tanzania ilizilegezea masharti benki zitakazopanga upya mikopo ya walioathirika. Kumpa muda mwenye dhiki ni agizo la aya ya 280 ya sura hiyohiyo, lakini lilingojea janga. Masika huja kila mwaka na tarehe zake zinajulikana. Hakuna kinachozuia kuyaandika mkatabani tangu siku ya kwanza.

Mwenye kutaka kukarabati aanze mapema. Paa halifunguliwi masika. Hufunguliwa Januari au Februari, hali wageni wamejaa mjini, na vyumba vya juu hufungwa kwa hasara iliyohesabiwa. Kwa hiyo maombi yafike benki Septemba, pamoja na daftari la miaka mitatu na saini za warithi wote. Fedha ikitoka Machi badala ya Januari, fundi atakuwa anafungua paa huku mawingu yamekwisha kutanda.